Mchungaji Aliyeuza Kondoo Zake
Somo kwa walimu, wainjilisti na wasomaji wa sharikani



Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya kitabu. Si kitabu cha Kanisa, wala hakikuandikwa na adui wa Kanisa. Ni hadithi ya kubuni, nayo husomwa na watu wengi mno duniani. Jina lake ni The Alchemist, na mwandishi wake ni Paulo Coelho, mtu wa Brazil. Aliiandika kwa Kireno, ikachapwa mwaka 1988. Mchapaji wa kwanza aliiacha kwa kuwa haikununuliwa. Baadaye ikaenea, ikafasiriwa katika lugha zaidi ya 80, na nakala zilizouzwa zahesabiwa kwa makumi ya mamilioni.

Hapa kwetu Karatu kitabu hiki kilifika kwa mkono wa wageni. Watalii waendao Ngorongoro hulala katika mji huu kabla ya kupanda mlima. Mgeni akimaliza kusoma hukiacha kitabu mezani. Mpishi hukichukua akampa dereva, naye dereva humpa mdogo wake aliye shuleni. Hivyo nakala moja yenye jalada lililochanika ilipita mikono mingi hata ikatufikia. Vijana walituambia: "Walimu, humu mna Mungu, mna ndoto, mna Melkizedeki. Mbona hamtufundishi haya?"

Swali lao lilikuwa la haki. Basi tulikaa na kitabu majuma manne, vijana na wazee pamoja, aliyejua Kiingereza akiwafasiria wenzake. Tulianza kwa hamu, tukamaliza kwa huzuni. Leo twapenda kueleza sababu ya huzuni hiyo, maana jambo lenyewe halikomi katika kupenda hadithi au kutoipenda. Lagusa imani yetu, tena lagusa nyumba zetu.

HADITHI YENYEWE

Santiago ni kijana wa Andalusia, kusini ya Hispania. Wazazi wake walitaka awe padre, lakini yeye alitaka kusafiri. Basi baba yake akampa sarafu tatu za dhahabu, akanunua kondoo. Sasa anao wapata 60. Akiwa amelala katika kanisa bovu lisilo na paa, aota mara mbili ndoto ile ile, ya kuwa iko hazina penye piramidi za Misri. Kisha akutana na mzee ajiitaye Melkizedeki, mfalme wa Salemu. Mzee huyo amfundisha kwamba kila mtu anayo shabaha yake aliyozaliwa aitimize, na ya kuwa mtu akilitaka jambo kwa moyo wake wote, ulimwengu mzima hufanya shauri moja ili kumsaidia. Hilo ndilo fundisho kuu la kitabu.

Santiago ampa mzee kondoo sita, wengine awauza, avuka bahari mpaka Tangier. Huko aibiwa fedha zake zote. Afanya kazi karibu mwaka mzima katika duka la vyombo vya bilauri, kisha avuka jangwa pamoja na msafara. Penye visima vya jangwani ampenda msichana aitwaye Fatima. Huko huko akutana na mwenye elimu ya kugeuza risasi kuwa dhahabu, ambaye ndiye aliyekipa kitabu jina lake. Mwisho afika penye piramidi, apigwa na watu watafutao mali. Mmoja wao, kwa kumdhihaki, amwambia kwamba yeye naye aliota hazina iliyozikwa katika kanisa bovu la Hispania. Santiago arudi kwao, achimba, aipata.

Wasomaji wa Alfu Lela Ulela watalikumbuka umbo la hadithi hii, maana humo yumo mtu wa Baghdadi aliyeota mali iko Misri, akaenda, akapigwa, akasimuliwa huko ndoto ya nyumba yake mwenyewe. Hatumlaumu mwandishi kwa kuchukua hadithi ya kale. Hadithi njema hupita kutoka kwa babu hata kwa mjukuu, na kila mmoja huisimulia kwa namna yake.

YALIYO MEMA

Kwanza tuyataje mema, tusije tukawa watu wa kulaumu tu. Kijana huyu aliyeibiwa hakukaa chini kulia siku nyingi. Alishika kitambaa akafuta vumbi katika vyombo vya mtu mwingine. Alijifunza lugha ya kigeni. Alivumilia. Kijana wetu aliyeshindwa mtihani, naye adhani maisha yake yamekwisha, aweza kupata moyo kwa kuyasoma hayo.

Tena yumo mwenye duka, ambaye maisha yake yote ametamani kwenda kuhiji Maka, naye haendi, kwa kuwa aogopa kwamba akiisha kwenda hatakuwa na kitu cha kutumaini. Tuliposoma habari zake, mzee mmoja wa kanisa alicheka akasema: "Huyu namfahamu, ndimi." Kitabu kinachomfanya mzee ajicheke si kitabu cha bure.

KONDOO WALIUZWA

Huzuni yetu ilianza penye kondoo. Mwandishi aandika mbali na mazizi, bali sisi twasoma tukisikia kengele za ng'ombe nje ya dirisha. Wairaqw, Wamasai na Wadatoga wamelelewa nyuma ya mifugo. Mtoto wa kwetu hujua mnyama kwa rangi yake, kwa pembe zake, kwa mama yake. Mmoja akipotea jioni, chakula cha usiku hakina ladha.

Santiago awapenda kondoo zake kwa namna yake, hata awasomea kitabu. Lakini awahesabu kuwa viumbe wasiojua ila maji na majani. Mahali fulani afikiri ya kuwa hata angewaua mmoja mmoja, wasingetambua mpaka wengi wamekwisha. Ifikapo siku ya safari awauza mara moja. Awakumbuka baadaye, naam, kama mtu akumbukavyo kazi ya zamani awezayo kuirudia. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Na kitabu hiki chasema, uache, tena upesi.

Lugha yetu yenyewe yatufundisha hapa. Katika Kiswahili achungaye kondoo na atunzaye usharika wana jina moja: mchungaji. Katika Injili ya Yohana, sura ya 10, Bwana atofautisha mchungaji mwema na mtu wa mshahara. Mchungaji mwema hutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo. Mtu wa mshahara humwona mbwa-mwitu akakimbia, kwa kuwa kondoo si mali yake. Na katika Luka 15 mwenye kondoo mia hawaachi wote aende kutafuta dhahabu. Huwaacha 99 aende kumtafuta mmoja. Tukawauliza vijana: "Je, mchungaji wa kitabu hiki afanana na yupi?" Wakanyamaza.

MELKIZEDEKI MWINGINE

Jambo la pili ni jina la Melkizedeki. Mwalimu asiye mwangalifu aweza kufurahi kuliona jina la Biblia, akasahau kuuliza mwenye jina hilo afanya nini.

Katika Mwanzo 14, Abramu atoka vitani. Hakwenda kutafuta hazina. Alikwenda kumwokoa Lutu, mwana wa ndugu yake, aliyetekwa. Melkizedeki amtokea na mkate na divai, ambariki. Ndipo Abramu atoapo sehemu ya kumi. Angalieni utaratibu: mkate kwanza, baraka kwanza, ndipo sadaka. Katika hadithi hii utaratibu umegeuzwa. Mzee ataka kwanza sehemu ya kumi ya kondoo, ndipo amwambie kijana njia ya hazina. Basi baraka imekuwa bidhaa, na sehemu ya kumi imekuwa bei yake. Ndugu zetu wa Karatu wamekwisha kuwasikia wahubiri wa namna hii sokoni na katika redio, waombao mbegu ya fedha kabla ya kuomba. Hawana haja ya kufundishwa hayo tena na kitabu.

Mzee huyo ampa kijana mawe mawili, Urimu na Thumimu. Msomaji na afungue Kutoka 28. Haruni aliyachukua hayo katika kifuko cha kifuani, na juu ya kifuko hicho kulikuwa na majina ya kabila zote za Israeli, ili aingiapo mbele za Bwana awe na watu wake juu ya moyo wake. Santiago ayatia katika mkoba wake kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Mawe ni yale yale. Majina ya watu ndiyo yaliyoondolewa.

YUSUFU NAYE ALIKWENDA MISRI

Yuko mwotaji mwingine aliyefika Misri, na mwandishi mwenyewe amtaja: Yusufu mwana wa Yakobo. Hapo tulidhani kitabu kitapata njia yake, lakini champita haraka.

Yusufu hakuifuata ndoto yake. Ndoto ilimpeleka shimoni, ikampeleka utumwani, ikampeleka gerezani. Kama angalifundishwa kwamba ulimwengu wote humsaidia mwenye kutamani, angalisema nini usiku ule shimoni? Hata mwisho alipokuwa mkuu wa Misri hakuchimba sanduku la sarafu, bali alifungua ghala. Watu wakala, na ndugu zake waliomuuza wakala pia. Katika Mwanzo 45 na 50 awaeleza ya kuwa Mungu alimtuma mbele ili maisha ya watu wengi yaokolewe.

Basi hapa tulipata kipimo ambacho mwalimu aweza kukitumia kwa kitabu chochote na kwa mahubiri yoyote: ndoto hii yamlisha nani? Ndoto ya Yusufu iliwalisha Wamisri na Waebrania. Ndoto ya Santiago yamtajirisha Santiago. Twakiri kwamba akumbuka deni lake kwa mwanamke aliyemwagulia ndoto, na ya kuwa ataka kurudi kwa Fatima. Lakini hatukuona mahali anapouliza kama yuko mwenye njaa.

Na huyo Fatima, kazi yake ni kungoja. Asifiwa kwa kungoja. Mama zetu waliposikia hayo walitazamana. Vijana wangapi wa Ngorongoro wamekwenda Dar es Salaam kuwa walinzi wa usiku, na nyumbani mwanamke abaki na watoto, na ndama, na deni la dukani? Huko kungoja kwake ni kazi ya alfajiri hata usiku, nayo haina mwandishi.

SWALI LA MAMA

Jioni ya tatu lilitokea jambo ambalo hatutalisahau. Tulikuwa tumerudia fundisho lile kuu, kwamba atakaye kwa moyo wote husaidiwa na ulimwengu wote. Mama mmoja aliyetoka upande wa Endulen, ambaye katika ukame wa mwaka 2021 na 2022 alipoteza karibu ng'ombe wake wote, alisimama akasema: "Wanangu, naomba kuuliza. Nilitamani mvua. Watoto wangu walitamani mvua. Ng'ombe walilala chini, tukawainua kwa mikono, wakalala tena. Je, hatukutamani vya kutosha?"

Hakuna aliyejibu. Tulifungua kitabu tena tukitafuta neno la kumpa. Yumo mtu mmoja, mwendesha ngamia, aliyekuwa na shamba la miti, nao mto ukafurika ukaliharibu. Lakini habari zake zasimuliwa ili kijana ajifunze kutoogopa, kisha safari yaendelea. Wengine wasiofika ni wale walioogopa. Basi kwa fundisho la kitabu hiki, aliyepata amepata kwa kuwa alitaka sana, na aliyekosa amekosa kwa hofu yake. Kwa mwenye nacho fundisho hili ni tamu. Kwa mama yule lilikuwa kama kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka.

Kijana mmoja akasema: "Lakini, Mwalimu, Laizer je?" Wote wamjua. Mwezi wa Juni 2020 Saniniu Laizer, mfugaji na mchimbaji wa Mirerani, alipata mawe mawili ya tanzanite, uzito wake kama kilo 15 pamoja, akayauza kwa Serikali kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Naye alisema ataka kuwajengea watu wa kwao shule. Twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini tuhesabu sawasawa. Picha ya aliyepata ilitiwa katika magazeti ya dunia nzima. Nani aliyetia picha za wale waliochimba miaka kumi wakarudi na kikohozi cha vumbi? Nao walitaka kwa moyo wote. Aliyepata asijivunie kutaka kwake, na aliyekosa asihukumiwe kwa kukosa kwake.

MAKABURI YA AKERI

Katika nchi yetu ya kaskazini sisi Walutheri tunao ushuhuda wa jambo hili. Mwaka 1896 vijana wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walitoka Kilimanjaro wakaenda Meru ili kuanza kazi ya Injili. Mwezi wa Oktoba waliuawa Akeri, pamoja na Wachaga kadhaa waliofuatana nao. Serikali ya Kijerumani ikalipiza kisasi kikali, na damu nyingi ya Wameru na Waarusha ikamwagika. Hayo nayo ni sehemu ya habari, tusiyafiche.

Je, vijana hao hawakutaka kwa moyo wote? Je, na wale Wachaga, na wale Wameru waliochomewa nyumba? Msomaji wa kitabu hiki aweza kusema tu kwamba ulimwengu haukuwasaidia. Sisi twasema neno lingine. Mwaka 1902 wengine walikuja, wakaanza kazi Nkoaranga, na Neno likapandwa pale pale penye machozi. Hatusemi hivyo ili kuufanya msiba uwe mtamu. Twasema hivyo kwa sababu Mungu tumwaminiye hatambulikani kwa kufaulu kwetu. Luther alilifundisha hilo huko Heidelberg mwaka 1518: kwamba amtafutaye Mungu katika utukufu na nguvu humkosa, naye hupatikana msalabani. Juu ya msalaba ulimwengu haukumsaidia Bwana wetu. Jua lenyewe liliingia giza.

WITO NA JIRANI

Kitabu chasema kila mtu anayo shabaha yake. Kanisa letu lina neno karibu na hilo, nalo ni wito. Lakini shabaha hutoka katika tamaa ya moyo, na wito hutoka kwa Mungu kwa kinywa cha jirani. Mtoto akilia, huo ni wito wa mama. Mgonjwa akigonga mlango wa Hospitali ya Kilutheri ya Karatu usiku wa manane, huo ni wito wa muuguzi. Maji yakigeuzwa kuelekea shamba la vitunguu la Mang'ola, na zamu ya jirani imefika, kuyaachilia ni wito wa mkulima. Hakuna ndoto hapo, wala ishara; liko jembe, iko zamu, yuko mtu.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, penye ombi la mkate wa kila siku, Luther ataja chakula na mavazi, nyumba na shamba na mifugo, serikali njema, hewa njema na majirani waaminifu. Mvua yaombwa pamoja na jirani, katika sala isemayo "sisi" wala haisemi "mimi". Hilo ndilo tulilomjibu mama yule jioni ya nne. Tulimwambia: "Mama, hukukosa kutamani. Mvua haikuja, nasi hatujui sababu. Lakini sisi tulikuwa majirani zako, na wengi wetu hatukuja." Kisha wazee wakafanya shauri, na watu wanne wenye mitamba wakaahidi kila mmoja kumpa ndama wa kwanza atakayezaliwa, kama ilivyo desturi ya wazee wetu kumwinua aliyeangukiwa na msiba. Wawili wamekwisha kutoa. Hiyo haikuandikwa katika kitabu, lakini pengine bila kitabu hatungalisikia swali lake.

NENO LA MWISHO KWA WALIMU

Msiwakataze vijana kukisoma. Kitabu kikatazwacho husomwa chini ya blanketi, pasipo mtu wa kuulizwa. Someni pamoja nao. Sifuni bidii ya kijana yule dukani. Kisha waulizeni ndoto hiyo yamlisha nani, na kondoo wamebaki na nani.

Tena liko jambo moja katika mwisho wa hadithi ambalo twapenda kulishika hata kama mwandishi hakulikusudia hivyo. Hazina haikuwa mbali. Ilikuwa chini ya kanisa bovu, mahali kijana alipolala na kondoo zake. Sisi tunayo makanisa yenye mabati yavujayo, na majirani kando yake. Tuanze kuchimba hapo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Someni Mwanzo 14 na Waebrania 7. Kwa nini baraka ilitangulia sehemu ya kumi?
2. Ni nani katika mtaa wenu aliyepata hasara kubwa mwaka huu? Watu walimwambia maneno gani?
3. Mtu akisema, "Mungu ameniambia moyoni," twapimaje neno lake?
4. Ndoto yako wewe, ikitimia, itamlisha nani?
5. Yuko kijana ambaye kweli yampasa kuondoka nyumbani. Usharika umsaidieje aende, na waliobaki wasaidiweje?